Theodosia na Sili za Marehemu Suleman

Ukifika Rulenge ukauliza fundi wa kukereza vyuma, usitegemee kuonyeshwa mwanamume mwenye kifua kama mlango. Utaonyeshwa mama mfupi, mnene kiasi, kilemba kimekazwa, aproni ya turubai imelowa grisi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Huyo ndiye Theodosia. Na ukithubutu kuuliza mara ya pili, "Kweli ni huyu?", shauri yako, maana masikio yake ni makali na mdomo wake haujambo.

Kazi hakuirithi kwa mtu. Akiwa na miaka kumi na saba aliajiriwa kufagia karakana ya misheni, kazi ya kuzoa nyuzi za chuma zinazodondoka chini ya mashine. Akazoa mwaka mzima huku macho yako kwenye mikono ya mafundi. Siku moja fundi mmoja akaugua, na pampu ya maji ya misheni ikawa imevunjika shafti, ule mhimili unaoizungusha. Binti akaweka fagio chini, akasema, "Mimi naweza." Wakacheka. Kufikia jioni maji yanatoka bombani, na waliocheka wakayanywa. Alikaa pale miaka kumi na moja, na karakana ilipoleta mashine mpya, ya zamani akainunua yeye, akaifunga kwenye banda lake mwenyewe. Wanawake wenye mashine ya kukereza katika wilaya nzima ya Ngara walikuwa wangapi? Mmoja. Nasema hivyo kwa majivuno kabisa, wala siombi radhi.

Lakini kulikuwa na kazi moja ambayo Theodosia alikuwa haigusi: breki.

Miaka sita nyuma, dereva mmoja kijana anayeitwa Frednand alimletea pikapu yake. Pistoni ya breki ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu. Pistoni ni kile kikombe cha chuma kinachokaa ndani ya kalipa, na kalipa ndiyo koleo linaloibana diski gurudumu lisimame. Ukikanyaga breki, maji ya breki yanakisukuma kikombe, kikombe kinasukuma pedi, gari linatii. Theodosia akaikereza pistoni mpya kwa alumini, ya sufuria chakavu zilizoyeyushwa. Ilikuwa nyepesi, laini mashineni, inang'aa kama sahani ya harusi. Frednand akaifurahia mwenyewe. Wiki ya pili, akiteremka njia ya Kirushya na mzigo wa ndizi, ile alumini ikapata moto, ikavimba, ikang'ang'ania ndani ya kalipa. Gurudumu likafuka moshi, maji ya breki yakachemka, na pedali ikazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Kilichomwokoa ni ukingo wa udongo. Ndizi zikamwagika, bega lake likavunjika.

Frednand hakumlaumu hata siku moja. Ila Theodosia alijilaumu vya kutosha kwa niaba ya watu wote. Akala kiapo: breki basi. Akabaki na shafti za mashine za kukoboa na bushi za pikapu, zile pete nene zinazozuia vyuma visisagane, watu wakamwita Mama Bushi, naye akaitikia. Lakini jina lile lilikuwa linamuuma, kwa sababu alijua ni jina la fundi aliyeogopa.

Sasa basi. Mwezi wa sita mwaka jana, asubuhi, likaingia gari la zamani aina ya Pijo, rangi ya maziwa, linavutwa kwa kamba. Aliyeshuka ni Frednand, siku hizi anaendesha magari ya watu Biharamulo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hilo umelitoa makumbusho?"

"Ni la marehemu mzee Suleman, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini. Breki za mbele zimekufa. Mafundi watatu wamesema spea zake hazipo tena duniani. Mwanawe, mzee Ahmadi, anataka likatwekatwe liuzwe chuma chakavu. Mama yake hataki kusikia. Wamekubaliana mwezi mmoja, na mwezi wenyewe umebaki siku nane."

"Unajua sigusi breki."

"Bega lililovunjika ni la nani?"

Theodosia akainamia mashine yake.

"Ni langu," Frednand akasema. "Na mwenye bega ndiye anakwambia gusa."

Ungejibu nini hapo? Theodosia aliondoka, akaenda nyuma ya banda, akasimama peke yake kwa muda, akarudi na spana.

Alipofungua kalipa akakuta balaa tupu. Pistoni zimechimbika kwa kutu, ile rangi ya fedha ya juu imebanduka magamba magamba. Na sili, zile pete za mpira zinazozuia maji ya breki yasitoke, zilikuwa zimekauka zikapasuka, zinavuja huku na huku. Akamwambia Frednand awapigie wenye gari, awaeleze kwamba sili zimevuja, zitafutwe mpya.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu ndimi za kwetu. Mhangaza wa kweli, mwenyeji wa huku Ngara, hasumbuliwi na l na r. Kwake zote ni ndugu, anayewahi kutoka ndiye huyo. Frednand akapanda kwenye kichuguu penye mtandao, akapiga.

"Haloo, mzee Ahmadi, shikamoo. Fundi amefungua. Tatizo kubwa ni siri."

"Siri gani?"

"Siri za mbele, mzee. Kulia na kushoto. Zote zimevuja."

"Zimevuja! Siri za nani?"

"Za mzee Suleman. Ni za zamani sana, zimekaa humo tangu yuko hai, hakuna aliyezigusa. Fundi Theodosia wa Rulenge ndiye amezitoa. Anazo mkononi hivi sasa."

Kisha sauti ya Ahmadi, ndogo, "Usimwambie mtu mwingine. Tunakuja." Kwa bahati mbaya simu ya Ahmadi ilikuwa kwenye spika, na pembeni yake alikuwa ameketi Bibi Kuluthumu, mjane wa marehemu, anachambua mchele. Mchele uliishia hapo hapo.

Na ujue, marehemu Suleman alikuwa analeta kanga na chumvi Rulenge kila Jumanne kwa Pijo hilo hilo, na Jumanne nyingine mvua ikimkamata alikuwa analala huko huko. Bibi Kuluthumu alikuwa amezivumilia Jumanne hizo miaka arobaini na minne bila kuuliza.

Kesho yake saa nne teksi ikasimama mbele ya banda. Akashuka mzee Ahmadi, mtu wa makamo mwenye kofia ya viua, halafu Bibi Kuluthumu, buibui limekaa vizuri, fimbo mkononi, uso umefunga kama duka la Ijumaa mchana.

"Shikamoo bibi, karibuni," Theodosia akasema.

Bibi hakuitikia. Kwa mtu wa heshima kama yule, kuiacha shikamoo hewani ni sawa na kumpiga mwenzio kofi.

"Wewe ndiye Theodosia?"

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa unazo siri za mume wangu."

"Ninazo, bibi. Nne. Nimezihifadhi kwenye kopo."

"Kwenye kopo!" Bibi akamgeukia mwanawe. "Umesikia, Ahmadi? Hata aibu hana." Akamrudia Theodosia. "Zilianza lini?"

"Hizi? Kwa jinsi zilivyokauka, mimi naona zina zaidi ya miaka ishirini. Zilikuwa zinapata joto sana, bibi, zinabanwa kila siku. Nyingine hata umbo hazina tena."

"Astaghfirullahi! Nionyeshe!"

Theodosia, asiyejua lolote, akaleta kopo, akazimwaga pete nne nyeusi kwenye kiganja cha yule mama. Bibi akazitazama. Akazigeuza. Akanusa moja.

"Hiki ni nini?"

"Ndizo sili zenyewe, bibi. Mipira ya breki."

Frednand, aliyekuwa chini ya gari, akasema kwa sauti ya kusaidia, "Siri, bibi! Siri za pistoni!"

Ahmadi ndiye aliyeelewa kwanza, akashika kichwa. Kisha Bibi. Alianza kutikisika mabega, watu wakadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa kimeshatangulia. Akakaa kwenye benchi, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Miaka arobaini na minne ya ndoa," akasema, "nimekodi gari nije Rulenge kumfumania mpira!"

Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Frednand akatoka chini ya gari akiuliza kuna nini, wakazidi. Bibi alipopata pumzi akasema, "Marahaba, mwanangu. Ile shikamoo yako nimeichukua sasa." Akatazama zile pete mkononi, akaongeza polepole, "Suleman, nisamehe." Hapo Theodosia naye akajikuta anafuta macho.

Lakini kicheko hakitengenezi breki. Ahmadi akarudi kwenye hoja.

"Fundi, nikuulize bila kuzunguka. Unaweza au huwezi? Nasikia uliwahi kumwangusha mtu."

"Niliwahi," Theodosia akasema. "Yule pale, anafunga nati."

Ahmadi akamtazama Frednand kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Basi mimi siondoki," Bibi Kuluthumu akakata shauri. "Nitakaa kwa Swabaha." Swabaha ni rafiki yake wa siku nyingi, ana duka la vitambaa karibu na soko. "Nataka nione kwa macho yangu anachokitia kwenye gari la mume wangu."

Na kweli, kila asubuhi Bibi alikuja na thermos yake ya chai, akakaa kwenye benchi, na mwanawe pembeni. Hivyo Theodosia akafanya kazi iliyomtisha kuliko zote huku amekaliwa na watazamaji.

Siku ya kwanza alipanga vyuma vinne mezani. Ahmadi akaishika alumini mara moja. "Hii nyepesi, inang'aa, na itaisha leo leo."

"Hiyo ndiyo iliyovunja bega," Theodosia akamjibu, akaiweka pembeni, lakini hakuitupa.

Cha pili kilikuwa chuma cha kawaida, kilichokatwa kwenye ekseli ya lori. Kigumu, kinaaminika, kinavimba sawasawa na kalipa yenyewe. Angekichagua bila kufikiri, isipokuwa kutu. Pistoni za kiwandani hupakwa ngozi ngumu ya kung'aa inayozuia kutu, na mtu wa kuipaka ngozi hiyo Ngara hayupo. Kwa vumbi letu la kiangazi na tope letu la masika, chuma kitupu kingerudi kimechimbika baada ya misimu miwili. Cha tatu shaba: haina kutu, ila laini, na bei yake ingemfanya Ahmadi azimie.

Cha nne kilikuwa kipande kizito, cheusi kwa nje. Theodosia alikipata kwa wauza chuma chakavu waliotoka upande wa ziwani, Nyamirembe. Kilikuwa shafti ya kuzungushia pangaboi la boti kubwa. Akakigusa na sumaku, sumaku ikateleza ikaanguka. Akakwangua kwa tupa, chini ya uchafu kukatokea weupe safi.

"Stenlesi," akasema. "Hiki kimekaa majini miaka, bibi, usiku na mchana, na tazama. Kutu haina habari nacho. Halafu hakipitishi joto upesi, kwa hiyo maji ya breki hayatachemka ovyo."

"Chuma cha boti kwenye gari la baba?" Ahmadi akaguna. "Tutaonekana vipi?"

"Mtaonekana mko hai."

Bibi Kuluthumu akacheka ndani ya kikombe chake.

Lakini Theodosia mwenyewe hakuwa na uhakika, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Fundi mwingine angejipiga kifua akaanza kukereza. Yeye alijua stenlesi nayo huvimba ikipata moto, kuzidi chuma cha kawaida, ingawa haifikii alumini. Huvimba kiasi gani? Kitabu hana. Akakereza pistoni mbili za majaribio, moja ya alumini, moja ya stenlesi, zote kipimo kimoja. Stenlesi ilimtoa jasho. Ni chuma chenye kiburi, ukikibembeleza kinakuwa kigumu zaidi, kinataka kisu kikali na mkono usiositasita. Alivunja visu viwili. Kisha akaenda jikoni kwake, akarudi na sufuria kubwa ya kukaangia maandazi, jiko la mkaa, na lita nne za mafuta ya kula.

"Leo tunakaanga nini?" Bibi akauliza.

"Breki."

Akaitumbukiza kalipa tupu ndani ya mafuta, na alumini ndani ya kalipa. Ilipokuwa baridi alikuwa ameisukuma kwa kidole kimoja, ikaingia na kutoka. Mafuta yakapanda moto hadi yakaanza kufuka. Akaopoa kalipa kwa koleo, akasukuma kwa kijiti. Wapi! Akagonga. Wapi! Alumini imekwama ndani kama imechomelewa. Frednand akasogea, akaitazama kwa muda mrefu, mkono umeshika bega lake.

Theodosia naye aliitazama. Miaka sita alikuwa anajiambia ni mkosi, ni mkono wake mbaya, labda ni adhabu. Kumbe ilikuwa ni hiki tu, kitu cha kupimika kwenye sufuria ya maandazi. Alisikia hasira, halafu akasikia kifua kimefunguka.

Ikaja zamu ya stenlesi. Mafuta yaleyale, moto uleule. Akaopoa, akasukuma kwa kijiti. Ikaenda, lakini kwa uzito, kama droo iliyolowa mvua. Ahmadi akasema, "Si inakwenda?" Theodosia akatikisa kichwa. "Inakwenda kwa kuombwa. Siitaki ya kuombwa." Akairudisha mashineni, akapunguza unene mdogo kuliko unywele, akachemsha tena. Akarudia mara tatu. Mara ya tatu kijiti kiligusa tu, pistoni ikateleza hadi mwisho, lakini bila kuchezacheza. Hapo akaandika kipimo kwa chaki ukutani, tarakimu kubwa kubwa, na kwa kipimo hicho akakereza pistoni zote.

Sili mpya zililetwa na basi kutoka Mwanza, aina mbili, maana muuzaji hakujua ipi ni ipi. Zinafanana kama mapacha. Theodosia akazilowesha kwenye maji ya breki ndani ya chupa mbili, akaziacha siku mbili. Aina moja ilivimba ikawa laini kama ulimi, ile ilikuwa ya pampu za maji. Nyingine ikabaki vilevile. Akaziosha kalipa na pistoni kwa spiriti hata chembe ya mafuta ya maandazi isibaki, kwa sababu mafuta ya kula na mpira wa breki havipatani kabisa, akafunga.

Siku ya nane, siku ya mwisho, wakapakia magunia saba ya mchanga ndani ya Pijo badala ya abiria. Bibi akataka kupanda. Theodosia akamzuia mlangoni.

"Hapana, bibi. Kwanza mimi. Kama kuna mtu wa kuvunjika, safari hii ni mimi."

Akajifanyia ishara ya msalaba, Frednand akawasha. Wakapanda hadi juu ya mteremko mrefu wa njia ya Bugarama, wakageuza. Theodosia aliniambia mwenyewe kwamba moyo ulikuwa unapiga hata hasikii injini. Frednand akaachia gari likimbie, akakanyaga. Pijo likainamisha pua, likatulia. Akaachia, akakanyaga. Wakateremka hivyo hadi chini, wakapanda tena, wakateremka tena. Mara tatu. Mara ya tatu, chini kabisa, Theodosia akaruka kabla gari halijasimama vizuri, akapiga magoti vumbini, akaliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akalizungusha. Likazunguka huru, lenyewe. Halikuwa limeng'ang'ania popote. Akasogeza kiganja karibu na chuma: moto wa kawaida wa breki iliyofanya kazi, hakuna moshi, hakuna tone la maji. Akaenda upande wa pili. Hivyo hivyo.

"Vipi?" Frednand akauliza.

"Nyamaza kwanza," Theodosia akasema, maana alikuwa anataka kuisikia furaha yake peke yake kidogo.

Mchana huo magunia yakashushwa, Bibi Kuluthumu akaketi kiti cha mbele, mahali pake pa miaka yote. Ahmadi akasimama mbele ya Theodosia, akaivua kofia, akairudisha.

"Fundi," akasema, na lilikuwa ni neno zima, hakulitafuna.

Wakaondoka. Theodosia akajaribu kufanya kazi, akashindwa. Akakereza bushi moja ikaharibika. Kati ya Rulenge na Biharamulo vilima ni vingi, na alikuwa anaviteremka vyote kichwani, kimoja kimoja. Mumewe, Juvenali, alitoka shambani akamkuta amekaa kwenye benchi la Bibi, simu mapajani.

Saa kumi na moja simu ikalia.

"Fundi, tumefika," ilikuwa sauti ya Frednand.

"Breki?"

"Breki safi. Ila nina la kukwambia. Unamjua Bibi, hajawahi kusinzia garini. Mzee Ahmadi anasema hata enzi za marehemu alikuwa ameshika dashibodi njia nzima, anasoma dua. Leo tulipoanza kuteremka kile kilima kikubwa nikamtupia jicho. Amelala, fundi. Mdomo wazi, anakoroma. Kateremka kilima chote usingizini, mpaka nyumbani tumemwamsha."

Theodosia akakata simu bila kuaga. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Kuna nini?" Juvenali akauliza kwa hofu.

"Bibi wa watu amelala," akasema. "Amelala kwenye breki zangu."

Juvenali hakuelewa vizuri, akamwambia arudie. Akarudia, safari hii amesimama, kwa sauti kubwa, na majirani wa upande wa pili wa barabara wakatoka nje kusikiliza.